Rufaa ya paking imegonga mwamba, sasa wanadai paundi 170: nilipe au nikomae?

Shikamoo dada,

Safu yako naisoma siku zote ila sikuwahi kudhani kuna siku nitaandika mimi. Niko Coventry, Uingereza, huu mwaka wa tatu, nafanya kazi ya kea, ile ya kuzunguka nyumba kwa nyumba asubuhi na jioni, unamwamsha mzee, unamwosha, unampa dawa na chai, unaandika ripoti, unakimbilia kwa mwingine. Gari ni langu na kadi ya gari iko kwa jina langu.

Mmoja wa wazee wangu anaishi kwenye fleti, ghorofa ya pili, amepooza upande wa kulia. Fleti yake ina nafasi yake ya gari, namba 14 imepakwa rangi kabisa pale chini, lakini mzee hana gari tena tangu augue, kwa hiyo binti yake alituambia sisi makea tupaki hapo. Shida ni kwamba jengo limeweka kampuni binafsi ya kusimamia paking na lazima gari liwe na kibali mbele ya kioo. Kibali ni kimoja tu, kadi ya plastiki, na sisi tuko watatu tunapokezana, kwa hiyo kinakaa ndani kwa mzee kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Ukifika unapaki, unapanda juu, unachukua kadi, unashuka kuiweka, unapanda tena ndo unaanza kazi.

Novemba mwaka jana nimefika saa moja kasoro dakika chache bado giza, nimepanda juu kuchukua kadi kama kawaida, nafungua mlango nasikia mtu anagugumia, namkuta mzee yuko chini kati ya kitanda na ukuta, baridi kama barafu, hajui amekaa hapo tangu saa ngapi. Dada mi sikukumbuka kadi wala nini. Nilimfunika blanketi, nikapiga 999, nikakaa naye sakafuni nimemshika mkono mpaka ambulensi ikaja. Nimeshuka chini karibu saa mbili.

Kwenye kioo hakukuwa na kitu. Baada ya siku tisa inakuja barua kwa posta, paundi 100, ukilipa ndani ya siku 14 unalipa 60. Kuna picha tano za gari langu, ya kwanza saa moja na dakika nne, ya mwisho saa moja na dakika tisa, kioo kina umande na mwanga wa tochi unaonekana umepiga katikati.

Nikakata rufaa kwao, nikawaeleza yote, kwamba mimi ndo niliyeendesha, mzee alianguka, naomba mnisamehe ni mara ya kwanza. Wakakataa. Nikaenda POPLA, wale wa rufaa wa nje ya kampuni, nikaandika yaleyale, nao wakakataa mwezi wa pili, wakasema wanaelewa mazingira yangu lakini wao hawawezi kuangalia hayo, kibali hakikuwepo basi. Sasa zinakuja barua za watu wa kukusanya madeni, ya tatu imekuja Jumanne, wameandika kwa wekundu, deni limekuwa 170.

Mume wangu anasema nilipe yaishe, anaogopa itaharibu viza na mwakani tunategemea kuanza mambo ya kukaa moja kwa moja. Kwenye grupu letu la WhatsApp nusu wanasema lipa, nusu wanasema hizo barua tupa jalalani hakuna atakayekufanya kitu, mmoja anasema ametupa kumi na moja. Mimi 170 ni siku mbili nzima za kazi ukitoa kodi na mafuta. Na linaloniuma siyo hela peke yake, ni kwamba nimeadhibiwa kwa kumshika mkono mtu aliyeanguka.

Mwisho wa mwezi huu tunahama nyumba kwa hiyo akili yangu haiko sawa. Nisaidie dada.

Kea wa Coventry

*

Marahaba mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla ya yote, ulichofanya asubuhi ile ndicho kila mtu angependa mzazi wake afanyiwe, usikubali barua ya wekundu ikufanye uone ulikosea. Pole sana.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, na nianze na hofu ya mume wako maana hiyo ndo inawafanya watu wengi wetu huko walipe hata wasichodaiwa. Hii siyo faini ya serikali. Kuna makaratasi mawili yanayoitwa PCN na yanafanana makusudi kabisa, ya halmashauri ni Penalty Charge Notice, hiyo ina sheria zake na ina meno, usiichezee. Yako ni Parking Charge Notice, ni kampuni binafsi inadai kwamba ulivunja mkataba ulioandikwa kwenye bango lao. Wamekupataje? Wamelipa DVLA, ile ofisi ya serikali ya magari na leseni, paundi 2.50 wakapewa jina na anwani yako kutoka kwenye kadi ya gari, basi. Siyo jinai, polisi hawahusiki, na watu wa uhamiaji hawapelekewi. Na hao wanaoandika kwa wekundu ni wakusanya madeni tu, wanaruhusiwa kuandika barua na kupiga simu, hawaruhusiwi kuja kubeba tivii yako. Wa kubeba vitu ni mabelifu, nao kwa deni la aina hii wanakuja baada ya mahakama kuhukumu na wewe ukakaa bila kulipa, na huko bado hujafika.

POPLA nako watu wanapaelewa vibaya. Ile siyo mahakama. Ni chombo cha rufaa kwa kampuni zilizo kwenye BPA, chama cha kampuni za paking (zile za chama kingine, IPC, rufaa zake zinaenda chombo kinachoitwa IAS), na uamuzi wake unaifunga kampuni, wewe haukufungi. Ungeshinda, wangetakiwa kufuta dai. Umeshindwa, hakuna kilichobadilika kisheria, bado ni madai yao na bado hakuna hakimu aliyesikiliza neno lako hata moja. Na wamekukataa kwa sababu uliwaomba huruma, na POPLA kazi yao ni kuangalia kama tiketi ilitolewa kwa kufuata taratibu. Angekuambia mtu mapema uandike kuhusu haki ya mzee kwenye namba 14 badala ya kuomba msamaha labda tungekuwa tunaongea mengine, lakini hilo limepita.

Ila nisikudanganye pia upande wa pili. Hao wa "tupa jalalani" wanakupa ushauri wa zamani sana. Tangu Oktoba 2012 kuna sheria ya Protection of Freedoms Act, kwa England na Wales kampuni ikifuata masharti yake inaweza kumdai mwenye kadi ya gari hata kama haijui nani aliendesha. Halafu Novemba 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis, bwana mmoja alipaki kwenye maduka ya Chelmsford ambako saa mbili ni bure akapitiliza dakika 56, akadaiwa paundi 85, akapigana mpaka juu kabisa akashindwa. Toka siku hiyo hoja ya "hela hii ni kubwa mno, hawakupata hasara yoyote" peke yake haitoshi. Na wana miaka 6 ya kukushtaki. Huyo ndugu aliyetupa kumi na moja mwambie kwa upendo kabisa kwamba hajashinda, hajafikiwa tu.

Na kwako kuna kitu kimoja kimeshatoka mkononi: umeandika mwenyewe kwamba uliendesha. Mtu ambaye hajasema anaweza kubishana kama barua ilimfikia mwenye gari ndani ya siku 14 na kama ina maneno yote ambayo sheria inataka, kwako njia hiyo imeziba. Usijaribu kugeuza maneno sasa hivi eti alikuwa mtu mwingine. Kesi yako nzuri iko kwenye ukweli wako, usiuchafue.

Uzuri wenyewe uko kwenye hiyo namba 14, na nashangaa kwenye barua zako zote kwao hukuigusa. Jiulize, hiyo nafasi ni ya nani? Bango la kampuni limekuja baada, mkataba wa mzee na mwenye jengo ulikuwepo. Kama kwenye mkataba wake wa nyumba, uwe wa kupanga au ule wa miaka mingi wa kununua fleti, imeandikwa kwamba ana haki ya kutumia nafasi namba 14, yeye na wageni wake, na hakuna sehemu inayosema lazima aweke kadi kwenye kioo, basi kampuni ya paking haina uwezo wa kuja katikati na kumnyang'anya haki hiyo kwa kubandika bango ukutani. Kuna kesi ya rufaa Oxford, 2016, Jopson dhidi ya Homeguard, dada wa watu alisimamisha gari mbele ya mlango wa jengo lake mwenyewe kushusha meza, wakampiga tiketi, jaji akasema haki zake za kwenye mkataba wa nyumba haziwezi kufutwa na bango, tena akasema kusimama kushusha mzigo siyo kupaki. Ni mahakama ya ngazi ya kaunti, haimfungi kila hakimu, lakini wanaisikiliza na imetajwa kwenye kesi nyingi za fleti. Kwa hiyo leo au kesho mpigie binti wa mzee, mwombe kwa heshima akupe kopi ya mkataba, ukurasa wa paking tu unatosha, na akuandikie karatasi fupi iliyosainiwa kwamba makea wa baba yake wana ruhusa kupaki 14. Karatasi hizo mbili zina uzito kuliko kurasa kumi za kuomba msamaha.

Na huohuo mkataba unajibu ile kesi ya Beavis. Pale Chelmsford mahakama ilisema kampuni ina sababu ya halali ya kudai hela kubwa kwa sababu maduka yanataka magari yazunguke, wateja wengine wapate nafasi, na mabango yalikuwa makubwa na wazi. Kwako sababu ni ipi? Huo mfumo umewekwa ili watu wa nje wasichukue nafasi ya mzee, halafu unatumika kumwadhibu kea wa mzee, ndani ya nafasi ya mzee, wakati mzee yuko sakafuni. Na bango lenyewe, je, lina taa? Nenda siku moja saa ileile ya giza, simama pale ulipopaki, piga picha bila flashi uone kama yale maandishi madogo ya paundi 100 yanasomeka.

Halafu zile picha zao. Dakika nne mpaka dakika tisa, ni dakika tano. Kwa mujibu wa picha zao wenyewe hakuna anayejua gari lilikaa muda gani, na dakika tano ni huohuo muda wa mtu kupanda ghorofa ya pili, kuchukua kadi na kushuka. Mfumo wenyewe unamlazimisha kea kuliacha gari bila kadi ili akaifuate kadi, hilo liseme wazi. Siyo kwamba udanganye ulikaa dakika tano, ulikaa karibu saa nzima na umeshawaambia kwa nini, ila wao ndo wenye wajibu wa kuthibitisha na huyo mpiga picha alisimama hapo na tochi bila kusubiri kuona mtu akishuka. Waandikie imeili kwa afisa wao wa taarifa binafsi, anwani yake ipo kwenye ukurasa wa faragha wa tovuti yao, omba wakupe kila walichonacho juu yako, picha zote, barua zote, maelezo ya mpiga picha. Ni bure na wana mwezi mmoja kujibu. Kazini kwako nako omba rekodi ya apu ya siku ile, ile unayoskani ukiingia na kutoka kwa mzee, inaonyesha dakika uliyoingia. Na rekodi za simu yako zitaonyesha ile 999, ichukue skrinishoti sasa kabla hujabadilisha simu.

Wakati unakusanya hayo, usisahau mlango ambao watu wengi hawaugongi, nao ni wenye jengo. Kampuni ya paking imeajiriwa na wakala anayesimamia hizo fleti au chama cha nyumba, wenye jengo wakisema futa kwa kawaida inafutwa, hata baada ya rufaa kukataliwa. Ila usiandike wewe kwanza, aandike binti kama familia ya mkaazi, aeleze kwamba baba yake ni mlemavu anayehudumiwa na makea mara mbili kwa siku, kwamba kibali kimoja kwa makea watatu hakifanyi kazi, na ataje Equality Act ya 2010 maana mtu mwenye ulemavu ana haki ya kurekebishiwa utaratibu unaomuumiza. Aombe vitu viwili, tiketi ifutwe na kibali cha pili kitolewe. Wenye jengo wakikaa kimya wiki mbili, binti aandikie mbunge wa eneo lao. Kule wabunge wanajibu barua za wapiga kura, mimi nimeona.

Hiyo paundi 70 iliyoongezwa juu ya 100, usiitambue kabisa. Hakuna aliyekuja kwako, hakuna kazi ya paundi 70 iliyofanyika, ni barua tatu za kompyuta. Serikali yenyewe Februari 2022 ilitoa kanuni zilizotaka nyongeza hizo zikome, kampuni zikakimbilia mahakamani na Juni mwaka huohuo kanuni zikaondolewa, ndo maana bado wanaziweka. Mahakimu wanatofautiana, wapo wanaozikata moja kwa moja. Kwa hiyo hao wakusanya madeni usiwalipe, usiwapigie, usiwajibu. Barua zao weka kwenye bahasha moja na tarehe zake.

Sasa nisikilize hapa, maana umelitaja mwishoni kama jambo dogo na ndilo lililonifanya nikujibu haraka. Unahama mwisho wa mwezi.

Watu wetu wanaumia hapa kuliko sehemu nyingine yoyote. Mtu anahama, barua zinaendelea kwenda nyumba ya zamani, mpangaji mpya anazitupa, kati ya hizo moja ni fomu ya mahakama kutoka Northampton, hakuna anayejibu, kompyuta inatoa hukumu bila hakimu hata kuiangalia. Hiyo ndo inaitwa CCJ, inakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 6, unaigundua siku unaomba nyumba au mkataba wa simu unakataliwa, na kuomba ifutwe ada peke yake inapita paundi 300, mara tatu ya tiketi. Na kuhusu hofu ya mume wako, tiketi haina shida, rufaa kukataliwa haina shida, lakini fomu ya kuomba uraia huko mbele inauliza kama umewahi kutolewa hukumu kwenye kesi ya madai. Sisemi CCJ moja iliyolipwa inamfukuza mtu nchini, hapana, nasema kwa nini ujibebeshe jambo la kueleza wakati imeili moja ingeizuia.

Kwa hiyo andika kwa kampuni ya paking yenyewe, siyo kwa wakusanya madeni, maneno haya au yanayofanana nayo kwa Kiingereza: namba ya tiketi yenu ni fulani, deni nalikataa lote, kuanzia tarehe fulani anwani yangu ya kupokea barua ni hii hapa, futeni ile ya zamani kwenye rekodi zenu. Omba wathibitishe. Wakijibu, hifadhi. Wasipojibu, hifadhi uliyotuma. Na siku unayohama badilisha kadi ya gari DVLA, ni bure mtandaoni na usipofanya wanaweza kukutoza mpaka paundi 1,000, na leseni yako pia. Halafu walipe posta wakuelekezee barua kwenye nyumba mpya angalau miezi michache.

Baada ya hapo inawezekana pasitokee kitu. Lakini ikija barua yenye kichwa Letter of Claim au Letter Before Claim, yaani onyo la mwisho kabla ya kukushtaki, hiyo siyo ya kutupa. Unapewa siku 30 kujibu. Jibu kwa kifupi kwamba unakataa, kwamba nafasi ni ya mzee kwa mkataba wake, na waulize ile 70 ni ya nini. Watakutumia na fomu ya kujaza kipato chako, hiyo siyo lazima, ni kwa mtu anayekubali deni.

Ikija fomu ya mahakama yenyewe usilie, keti chini na kalenda. Tarehe iliyopigwa juu ya fomu ongeza siku 5, hapo ndo inahesabika umeipokea. Toka hapo una siku 14 kuingia mtandaoni kwa namba na nywila zilizo kwenye fomu na kusema tu nimeipokea na nitajitetea kwa dai lote, hapo usiandike utetezi, ukiandika haraka umejifunga. Ukifanya hivyo unapata siku 28 kwa jumla, kuhesabu toka siku ileile inayohesabika umeipokea, za kuandika utetezi wenyewe. Angalia walivyoandika madai yao, mara nyingi ni mistari michache isiyosema hata ulivunja sharti gani, na Agosti 2023 huko Luton jaji aliitupa nje kesi ya Civil Enforcement dhidi ya Chan kwa sababu hiyohiyo, unaweza kuitaja. Watakupangia usuluhishi wa simu wa saa moja, ni bure na tangu Mei 2024 ni lazima uhudhurie, lakini kuhudhuria siyo kukubali, unaweza kusema natoa sifuri ukabaki hapohapo. Chagua mahakama ya karibu na wewe.

Na hiyo mahakama usiiogope. Kesi ndogo inasikilizwa kwenye chumba kama ofisi, hakimu nyuma ya meza, wewe upande huu na bahasha yako, na mara nyingi kampuni inamtuma wakili wa kukodi ambaye faili lako amelisoma asubuhi hiyo. Ukiona Kiingereza cha kisheria kinakubana omba mkalimani mapema. Siyo mara moja wala mbili kampuni kuondoa kesi yenyewe inapofika wakati wa kulipa ada ya kusikilizwa. Ukishindwa kabisa, tuseme hakimu hakukuelewa, unalipa ile 100, ada yao ya kufungua 35, ya wakili 50, ya kusikilizwa 27 na riba kidogo, inafika kwenye 220 hivi, na ukilipa yote ndani ya mwezi mmoja hukumu inaondolewa kwenye rekodi kama haikuwepo. Hayo ndo mabaya yenyewe, sitaki ubaki unayawazia usiku kuliko yalivyo.

Utaniuliza, dada ungekuwa wewe ungelipa? Kama mkataba wa mzee unasema namba 14 ni yake bila masharti ya kadi, mimi nisingelipa hata senti. Ungekuwa umepitiliza muda kwenye paking ya supamaketi na mabango yako wazi ningekwambia tafuta kuelewana nao kwenye ile 100, ulale. Na kama mkataba ukija unasema waziwazi kibali lazima kionekane kwenye kioo, niandikie tena tuongee, maana hapo hesabu inabadilika na ningekushauri usubiri jibu la wenye jengo kwanza kabla ya kusogea hatua nyingine. Ukitaka mtu wa kukaa naye uso kwa uso huko huko, nenda Citizens Advice, ni bure, wanapitia barua nawe.

Nisalimie mzee wako, hukusema kama alirudi nyumbani salama, nimekaa nalo. Na hiyo imeili ya anwani itume leo usiku, kabla hujaanza kufunga mizigo.